Mama mkwe anatuachia shamba, nami nimepata kazi mjini

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mtoto wa Pangani, muuguzi kwa taaluma, na sasa naishi pwani ya magharibi ya Uskoti, sehemu waiitayo Wester Ross. Mume wangu kazaliwa hapa. Tulijuana Tanga alipokuja kwenye kazi za bahari, tukaoana, na wakati wa kuhama akaniambia: "Wewe mtu wa pwani, mimi mtu wa pwani, utazoea tu." Nikamwamini.

Pwani niliyoikuta ni nyingine kabisa. Nyumba zimetawanyika ukingoni mwa ghuba, na mlima unaanzia nyuma ya jiko. Barabara inatosha gari moja. Mkikutana, mmoja anajibanza kwenye kituo cha kupishana, mwingine anapita akipunga mkono. Duka ni moja, na posta imo humo humo. Ukitaka nazi, bamia au viatu vya mtoto, ni mji wa Inverness, karibu saa mbili kwa gari kama theluji haijafunga njia. Kiangazi jua linazama saa nne usiku imepita, magari ya watalii yenye vitanda ndani yanaziba barabara, na usubi hautuachi tuanike nguo. Watalii wenyewe huniuliza kama nami niko likizo. Desemba ndiyo mtihani. Jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshakwenda, na hapo nazungumzia siku ambayo mvua imetuonea huruma. Kwetu saa hizo watu ndiyo kwanza wanatoka kukaa barazani. Hapa kila mtu yuko ndani kwake, pazia limeshushwa.

Mume wangu anavua kamba kwa madema, kazi ambayo hata babu yangu angeielewa, ila kamba wake hupakiwa wakiwa hai na kusafirishwa hadi Hispania. Sisi tunakula waliovunjika magando. Ana mkopo wa mashua. Ni mtu mwema, mchapakazi, msemaji wa maneno machache.

Bibi, mateso yangu yanatokana na wema. Wangekuwa watu wabaya ningeshaondoka zamani. Mama mkwe ni mjane, amepita miaka sabini. Mwaka wa kwanza nilipofunga Ramadhani alikuwa akiniuliza kila siku magharibi inaingia saa ngapi, na dakika ile ile anabisha mlango na supu, kasoma maandishi yote ya pakiti kuhakikisha hamna cha haramu. Nilipojifungua Inverness alikaa nami hospitali mpaka wauguzi wakadhani ni mama yangu mzazi. Mwanangu anamwimbia kwa Kigaeli, lugha ya asili ya huku, kile alichomfundisha. Kiswahili chake ni "njoo", "kula" na "lala", basi.

Sasa mama mkwe anataka kumwandikia mume wangu krofti yake, yaani lile shamba dogo la kupangisha ambalo ukoo wao wamelishika tangu enzi za babu wa babu, pamoja na haki ya kuchunga kondoo mlimani. Anataka karatasi ziandikwe msimu huu wa kuchipua. Mume wangu ameshapima mahali pa kujenga nyumba. Sharti la krofti ni kwamba mwenye nayo aishi hapo au jirani.

Nami nina siri. Baada ya kusoma usiku usiku mpaka nikafaulu mitihani ya kusajiliwa kuwa muuguzi huku, niliomba kazi hospitali kubwa ya Inverness. Usaili nilifanyia chumbani kwa simu, mume akiwa baharini. Nimeipata. Barua ililetwa na mtu wa posta, akampa mama mkwe kwa kuwa sikuwapo. Akaiweka mezani kwangu, jina la hospitali likionekana kwenye bahasha, akasema: "Hospitali nzuri ile. Walimtunza vizuri marehemu." Hakuongeza neno, wala hakumwambia mwanawe. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama usoni.

Na kuna shule. Ina watoto saba. Mwanangu atatimiza miaka mitano Novemba, na mwalimu anamtarajia Agosti awe wa nane. Alinikumbatia dukani, mbele za watu. Wote wanasema familia moja ikihama tu, shule itafungwa, na shule ikifungwa kijiji kimekwisha. Nitakuwa mwanamke aliyetoka Afrika kuja kukiua kijiji cha watu.

Hospitali wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nikikubali, nimemwambia mume achague kati ya mama yake na mimi. Nikikataa, nakuwa muuguzi anayepanga maziwa kwenye rafu za duka hadi uzee. Siku hizi nalia nikiosha vyombo, na sijui kama nalilia kazi, nyumbani, au giza. Nifanyeje?

Mtoto wa Pangani, Uskoti

(Barua imefupishwa, na mambo machache yamebadilishwa ili mwandishi asitambulike.)

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Nikikuelewa sawasawa, umefika mahali ambapo mambo matatu yamekujia kwa mkupuo: shamba linataka sahihi, kazi inataka jibu, shule inataka mtoto. Kila moja lina tarehe yake, na tarehe zote zimekukuta wewe peke yako, kwa sababu mwenzio wa kuzibeba hajaambiwa hata moja kati ya zile zinazokuhusu wewe. Hapo nitarudi. Kwanza niruhusu nikuulize juu ya mambo ambayo umeyaandika kana kwamba yamekwisha kuamuliwa.

Umesema ukikubali kazi utakuwa umemwambia mumeo achague kati yako na mama yake. Nani kasema? Katika barua nzima sikuona mahali mumeo alipotamka hivyo, wala mama mkwe. Nimeona mzee aliyeshika bahasha, akaijua ni ya nini, akasema neno la kuisifu hospitali na kufunga mdomo. Wewe umelichukulia kama lawama. Yawezekana. Yawezekana pia alikuwa anakwambia kwamba amejua na kwamba siri yako iko salama kwake. Watu wa maneno machache ndivyo walivyo, na mumeo hakuokota tabia hiyo njiani. Sisemi nimeusoma moyo wake kutoka huku niliko. Nasema wewe nawe hujausoma, umeubuni, kisha ukaanza kuukwepa.

Tuje kwenye krofti, maana nadhani hapa ndipo fundo lilipokazwa kuliko lilivyo. Jambo hili kwao ni zito, na inafaa ujue uzito wake unatoka wapi. Karne ya 18 na ya 19 wenye ardhi wa Nyanda za Juu za Uskoti walifukuza familia kwa familia ili waweke kondoo, na waliobaki walisukumwa pembezoni mwa bahari, kwenye mawe. Mkulima hakuwa na haki yoyote. Akiambiwa toka, alitoka. Mwaka 1882 watu wa Braes, kisiwani Skye, waligoma kulipa kodi ya ardhi, wakaletewa polisi kutoka Glasgow, na wanawake walikuwa mstari wa mbele kuwarushia mawe polisi hao. Baada ya fujo za namna hiyo serikali ikaunda tume ya uchunguzi, na mwaka 1886 ikapita sheria iliyompa mwenye krofti haki ya kutofukuzwa, kodi ya haki, na ruhusa ya kumrithisha ndugu yake. Kwa hiyo mama mkwe akisema "nataka kumwandikia mwanangu", usisikie ekari chache za majani yenye maji. Ni haki ambayo wazee wake waliipata kwa shida kubwa, naye hataki ipotelee mikononi mwake.

Lakini sheria za krofti za leo zina nafasi ambazo sidhani mmeziangalia. Ni kweli mwenye krofti anatakiwa aishi humo au ndani ya kilomita 32, na Inverness kwenu ni mbali sana kupita hapo. Hata hivyo, tume inayosimamia krofti, ambayo ofisi yake iko Inverness penyewe, inaweza kumruhusu mtu awe mbali kwa muda akiwa na sababu ya maana. Inaweza kukubali shamba lipangishwe kwa mwingine kwa muda maalumu. Na kubwa zaidi: mama mkwe yupo, anaishi pale, analima pale. Hakuna anayemlazimisha kuhamisha jina msimu huu. Anaweza kuendelea kulishika mwenyewe, na anaweza kumwachia mwanawe kwa wosia. Hata kumhamishia sasa kunahitaji kibali cha tume, jambo ambalo halikamiliki kwa siku moja. Hatari zake pia zipo: akifariki mkiwa mbali mnaweza kujikuta mnakimbizana na makaratasi, na shamba lisilotunzwa linaweza kuleta matatizo na tume. Mtafuteni mwanasheria anayejua krofti, maana sheria zake zina pembe nyingi. Ninachotaka uone ni kwamba sahihi ya shamba na tarehe ya hospitali ni vitu viwili. Wewe umevifunga kamba moja.

Shule nayo. Mwanangu, shule za vijiji vile zimekuwa zikipungukiwa watoto tangu kabla hujazaliwa. Nyumba zinanunuliwa na watu wa likizo, kijana akitaka kuoa hapati pa kukaa, kazi ni za msimu. Shule ikikosa watoto husimamishwa kwanza, kisha halmashauri ndiyo huamua kuifunga. Hayo hayakuletwa na muuguzi kutoka Pangani. Hofu ya mwalimu ni ya kweli, na kumbatio lake pale dukani nina hakika lilikuwa la upendo, ila mtoto wa miaka minne hawezi kupewa kazi ya kushikilia paa la shule. Kuna jambo moja linaweza kukupa pumzi. Kama mwanao atatimiza miaka mitano Novemba, basi Agosti shule ikifunguliwa atakuwa bado na minne, na sheria ya Uskoti inawapa wazazi haki ya kumchelewesha mwaka mmoja. Tangu 2023 chekechea ya mwaka huo inalipiwa na serikali. Ujue pia kwamba hata mkibaki, akimaliza msingi, akiwa na miaka 11 au 12, huenda akawa anasafiri na basi kila siku au anakaa bweni. Plockton, kwa mfano, sekondari yao ina bweni kwa ajili ya watoto wa vijiji vya mbali kama chenu. Kubaki kijijini nako kuna siku yake ya kuachana.

Sasa machozi. Wewe mwenyewe umesema hujui unalia nini, na hiyo ndiyo sentensi ya barua yako niliyoiamini kuliko zote. Giza la kule linaangusha hata waliozaliwa humo. Kila mtu Uskoti hushauriwa kumeza vitamini D miezi ya baridi, na wewe muuguzi utakuwa umewaambia wengine hayo. Je, umejiambia? Mweleze daktari wako, bila aibu, kama ambavyo ungemshauri mgonjwa wako. Sisemi huzuni yako ni ya hali ya hewa tu. Ila uamuzi uliofanywa Januari unafaa uulizwe tena Mei, usubi ukiwa haujaanza.

Niliwahi kuishi Glasgow nikiwa kijana, nikiamini mji mkubwa hauwezi kuwa na upweke. Jirani wa mlango wa pili tulitikisiana vichwa tu mpaka nilipohama. Inverness utapata msikiti, utapata bamia, huenda ukakuta wauguzi wenzako kutoka Afrika wa kucheka nao. Utapata pia kodi ya nyumba, zamu za usiku, na mume anayezunguka sebuleni asubuhi akitafuta bahari. Nani atakubishia mlango saa ya futari? Naomba ulijibu hilo kwa ukweli, na jibu linaweza kuwa: "Hakuna, na bado nataka kwenda." Nalo ni jibu halali.

Kwa maana sitaki uipunguze kazi ile. Umesoma usiku, mtoto akiwa amelala, ukafaulu kwa lugha isiyo ya mama yako. Kutaka kuvaa sare yako tena hakuhitaji kuombewa radhi. Na mama yako mzazi, ambaye hukumtaja hata mara moja, nadhani naye anakusubiri usimame kwa miguu yako.

Njia za katikati zipo, na kila moja ina mwiba wake. Hospitali nyingi hupanga zamu za saa 12, siku tatu hivi kwa wiki. Wapo wanaolala mjini siku za zamu na kurudi nyumbani zilizobaki. Ila wewe unaijua ile barabara Februari, na mtoto atakuwa analelewa na baba anayetakiwa kuamka na maji ya bahari. Nani atakuwa naye? Bibi yake, bila shaka, na hapo utakuwa umejiongezea deni lile lile linalokuumiza. Kuna uuguzi wa vijijini, wa kuzunguka nyumba za wagonjwa, na pwani ile imejaa wazee. Nafasi ni chache na hazitokei unapozitaka, lakini mtu aliyeanza hospitali kubwa akapata uzoefu anaweza kuzisubiri akiwa na nguvu kuliko anayesubiri dukani. Au mwende wote watatu kwa majira ya baridi moja, mashua ipandishwe nchi kavu, mkiangalia. Mkopo wa mashua hautapanda nchi kavu pamoja nayo, hilo mlifanyie hesabu kwa kalamu. Na kama bado uko kwa viza ya mwenza, kabla ya kuanza kulala nyumba mbili kwa muda mrefu, waulizeni wajuzi wa uhamiaji. Mnatakiwa muonekane mnaishi kama mke na mume, na sitaki jambo la kazi likuharibie makaratasi. Ofisi za Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo.

Yote hayo ni maneno hewani mpaka mumeo ayasikie. Umeogopa kwamba ukimwambia utamlazimisha kuchagua. Mimi naona usipomwambia ndipo unamchagulia: akitia sahihi ya shamba bila kujua, atakuwa ameweka jina lake kwenye maisha asiyoyafahamu. Na mtu wa posta anajua. Mama yake anajua. Kijiji cha namna ile, kuna siku mtu atampongeza gatini kwa kazi ya mkewe. Hilo likitokea, kitakachomuuma hakitakuwa Inverness.

Usimwambie akiwa amechoka na madema, wala mbele ya mama yake. Mpeleke kwenye gari ikibidi. Wanaume wa aina yake husema wakiwa wanatazama barabara. Usianze na "nataka kuondoka", maana sina hakika kwamba ndicho unachotaka. Anza na mitihani. Mwambie ulivyosoma. Kisha barua. Kisha umwache anyamaze kadiri anavyotaka, na usimjazie ukimya wake kwa maneno yako. Anaweza kukasirika kwa kufichwa, na atakuwa na haki. Anaweza pia kukwambia jambo ambalo yeye naye amekuwa akilificha, juu ya mkopo, au juu ya lile shamba. Umeshawahi kumuuliza kama analitaka, au na yeye anaona haya kumkatalia mtu mwema?

Kuhusu mama mkwe, wema wake haukuwa mkopo mpaka ulipoanza kuuhesabu. Lakini nakuelewa, nami nisingeweza kumtazama. Supu aliyokuwa akikuletea magharibi, siku moja mpelekee wewe, ukae, na useme: "Ile barua uliyoniletea." Yeye ataamua kama anataka kuendelea na mazungumzo hayo.

Na hospitali waandikie wiki hii, kabla ya mwisho wa mwezi, uulize kama tarehe ya kuanza kazi inaweza kusogezwa na kama wana zamu pungufu. Kuuliza hakukufungi kwa lolote. Wakikujibu, utakuwa na kitu cha kumwonyesha mumeo mkiwa garini.